Waya Ukikatika Ngazini Ni wa Nani?

Waya wa simu ni kitu chembamba. Mtu hupita chini yake asubuhi na jioni asiutambue. Siku ya kutambulika kwake ni siku unapokatika. Ndipo watu huulizana ni wa nani, na mara nyingi jibu likawa kwamba si wa mtu.

Mama mmoja, mkaazi wa mji wetu, ametuletea barua ndefu juu ya jambo hili. Amepanga vyumba katika ghorofa ya tatu, na kazi yake ni kutafsiri na kupiga chapa hati za watu. Kazi hiyo humfikia kwa njia ya intaneti na kuondoka kwa njia hiyo hiyo. Katika jengo lake waya wa kampuni huishia kwenye kisanduku kilicho chini ya ngazi, na kutoka hapo nyaya za shaba hupanda ukutani, kila mpangaji na wake, hadi mlangoni kwake. Mwenye jengo alileta wapaka rangi. Walipomaliza, ngazi zilipendeza, lakini mawasiliano ya mama huyu yalikuwa yamekufa.

Alipiga ripoti kwa kampuni. Siku ya tatu fundi alikuja, akapima pale kisandukuni, akamwambia kwa adabu: "Mama, mpaka hapa ni petu na pana uhai. Kutoka hapa kwenda juu ni pa mwenye nyumba." Mama akamwendea wakala akusanyaye kodi. Wakala akajibu kwamba ofisi yake haikuingiza waya wowote katika jengo, na aliyeuingiza ndiye autengenezaye. Akampigia mwenye nyumba mwenyewe, naye akasema: "Mimi nakupangisha vyumba, sikupangishi simu. Waya waingia kwako, nawe ndiwe uutumiaye."

Kwa siku 19 mama huyu alizunguka baina ya milango mitatu, na kazi aliyokuwa ameahidiwa ikapewa mtu mwingine. Siku ya 20 alimwita fundi wa kujitegemea. Haikupita saa moja fundi akaukuta ubovu: baina ya ghorofa ya kwanza na ya pili waya ulikuwa umevutwa ukakatika, na ncha zake mbili zimepakwa rangi nyeupe pamoja na ukuta. Alimlipa fundi kwa fedha zake. Mwisho wa mwezi alizikata fedha hizo katika kodi, akaambatanisha risiti. Jibu alilopata lilikuwa notisi ya kuhama.

"Je," anatuuliza, "nilikosa wapi?"

Sisi si mahakimu, na wa upande wa pili hatukuwasikia. Kwa hiyo shauri lenyewe twawaachia wanaohusika. Lakini swali lake si lake peke yake. Latokea katika kila jengo la kupanga ambalo waya wapita mahali pa watu wote ili umfikie mtu mmoja. Yafaa lijibiwe.

Wazee wetu hawakuulizana swali hili, na sababu yake ni nyepesi. Zamani za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na hata baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na Kenya kuunda Shirika lake yenyewe, simu ilikuwa na mwenyewe mmoja kuanzia kituoni hadi sikioni. Fundi wa Shirika ndiye aliyesimamisha nguzo, akavuta waya, akatoboa ukuta na kukiweka chombo mezani. Kikinyamaza, ndiye aliyeitwa. Akiwahi au akikawia, hapakuwa na ubishi juu ya nani aitwaye.

Mwaka 1999 Shirika hilo liligawanywa. Posta ikashika njia yake, simu zikapewa Telkom Kenya, na kazi ya usimamizi ikapewa tume ambayo leo ndiyo Mamlaka ya Mawasiliano. Baadaye simu za mkononi zikaenea hadi vijijini, na wezi wa shaba wakazikata nyaya nguzoni usiku, hata watu wengi wakadhani kwamba habari ya waya imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2009 nyaya kubwa za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa, na tangu wakati huo nyuzi za kioo, ambazo wengi huziita faiba, zimekuwa zikiingia mtaa baada ya mtaa. Leo mtoto hufanya masomo yake kwa njia hiyo, mfanyabiashara huagiza bidhaa zake, na mzee huuona uso wa mwanawe aliye ughaibuni. Waya umerudi majumbani, lakini haukurudi na mwenyewe mmoja. Kampuni ni nyingi, kila moja na kisanduku chake. Na hapana hata moja inayokubali kuufuata waya wake mpaka kwenye kila kona ya kila jengo kwa bei ileile ya mwezi.

Kwa hiyo mpaka ni lazima uwepo. Kosa ni kutojulikana mpaka wenyewe uko wapi.

Tuanze na sheria yetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inataja wajibu ambao kila mwenye nyumba huwa ameuchukua anapopangisha, hata kama mkataba haukuuandika. Iwapo kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, mwenye jengo atunze paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu, njia za kupitia watu wote, na vifaa na mitambo inayotumiwa kwa pamoja. Tena nyumba au chumba cha kukaa watu kiwe chafaa kukaliwa siku ya kwanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Kifungu cha 66 kinamgeukia mpangaji: naye aitunze nyumba iwe katika hali ya kuridhisha, na aondokapo airudishe kama alivyoikuta, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida na kwa maafa yasiyotokana na uzembe wake.

Msomaji atakayelitafuta neno "simu" katika vifungu hivyo hatalipata. Hapo ndipo ugomvi unapopata nafasi ya kukaa. Lakini kwa kuisoma sheria hii bila upendeleo, sisi twaona kwamba ngazi ni njia ya watu wote, na mfereji wa nyaya upandao ukutani mwake ni katika vifaa vya jengo zima. Mpangaji hana ruhusa ya kuitoboa ngazi, wala kuipaka rangi, wala kumzuia mtu asiiguse. Vipi basi atwikwe mzigo wa kukilinda asichokuwa na mamlaka nacho? Wajibu hufuata mamlaka. Mwenye kushika ufunguo wa mlango ndiye aulizwaye habari za ndani.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili kabla yetu, na si vibaya kutazama zilipotokea. Nchini Marekani kampuni moja kubwa, AT&T, ndiyo iliyotawala simu kwa miaka mingi, hata ilipovunjwa tarehe 1 Januari 1984. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1987, nyaya za ndani ya nyumba ziliondolewa katika huduma iliyopangiwa bei na serikali. Kampuni za simu zikabaki na wajibu mpaka kwenye kisanduku cha mpakani tu, na kwa nyaya za ndani zikaanza kuuza bima ndogo ya matengenezo kila mwezi. Mwenye nyumba yake aliweza kuamua: alipe bima, amwite fundi, au ajitengenezee mwenyewe. Lakini mpangaji wa ghorofani alijikuta pale pale alipojikuta mama yetu, kwani katika majengo makubwa mpaka ungeweza kuwa chini kabisa, mahali waya unapoingilia jengo, na kati ya hapo na mlango wake kuna ghorofa tele zisizo zake.

Jimbo la California liliukata ubishi huo kwa sheria. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni yake ya madai inamtaka mwenye jengo la kukaa watu aweke angalau tundu moja la simu lifanyalo kazi, na azitunze nyaya za simu za ndani ziwe katika hali njema. Sheria hiyo haikumtaka amlipie mpangaji gharama za mazungumzo, wala ampe chombo cha simu. Ilimtaka tu njia iwe wazi. Kupita juu yake ni shauri la mpangaji.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichukua mfano, mambo yamesimama nusu kwa nusu. Mpaka wa kampuni unajulikana na kila mtu: ni soketi ile kuu ya kwanza ndani ya nyumba. Soketi ya aina iliyoenea zaidi hata imeundwa ili kipande chake cha chini kifunguke, na nyuma yake mna tundu la kupimia. Mtumiaji huchomeka simu hapo. Ikisema, ubovu ni wa nyaya za ndani. Isiposema, ubovu ni wa kampuni. Ugomvi wa wiki tatu humalizwa kwa bisibisi. Lakini sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, katika kifungu cha 11, inamlazimu mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya maji, gesi, umeme, usafi na joto, na simu haikutajwa. Kwa hiyo huko nako, baina ya soketi na kiti cha mpangaji, mengi huachiwa mkataba.

Katika mifano hiyo miwili twajifunza jambo moja. Kwanza pawe na mahali pa kupimia panapokubaliwa na wote. Pili, baada ya hapo, kila kipande cha waya kiwe na jina la mtu. Penye mambo hayo mawili ugomvi hufa. Likikosekana moja, huzaliwa.

Kwa maoni yetu waya wa jengo la kupanga una vipande vinne, na kila kimoja kina mwenyewe kwa haki.

Kipande cha kwanza ni kutoka barabarani hadi kisanduku cha jengo. Hicho ni cha kampuni. Nguzo ikianguka, panya akitafuna, chumvi ya bahari ikila viungo, kampuni itengeneze, wala isimtoze mpangaji kwa ubovu ambao hakuusababisha.

Kipande cha pili ni kutoka kisandukuni, kupitia ngazi na korido, hadi kwenye kizingiti cha mpangaji. Hicho kiko mikononi mwa mwenye jengo. Akileta wapaka rangi, mafundi wa bomba au waashi, na mmoja wao akaukata waya, ni juu yake kuurudisha, kama vile ambavyo angerudisha kioo cha dirisha kilichovunjwa na ngazi ya fundi wake. Iwapo kampuni ndiyo iliyoutandika waya huo na yaendelea kuuhesabu kuwa mali yake, basi na wapatane wao wawili. Mpangaji asifanywe mpira.

Kipande cha tatu ni waya uliomo ndani ya kuta za vyumba kabla mpangaji hajaingia, pamoja na tundu lililo ukutani. Huo ni sehemu ya nyumba, kama nyaya za umeme zilivyo. Ukizeeka, ni wa mwenye nyumba. Mpangaji akiupigilia msumari alipokuwa akitundika picha, au watoto wake wakilivunja tundu, ni wake yeye kuulipia.

Kipande cha nne ni kile kitokacho tunduni hadi kwenye chombo, na vyote alivyoongeza mpangaji kwa hiari yake. Hicho ni cha mpangaji, hapana maneno.

Twajua watakalosema wenye nyumba, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema kwamba maji na umeme ni mambo ya lazima, lakini intaneti ni anasa. Watasema pia kwamba kampuni huja na kutoboa kuta bila kuuliza, kila moja ikaning'iniza nyaya zake mpaka jengo zuri likafanana na wavu wa mvuvi uliotundikwa kukauka. Kisha wateja wakihama, nyaya hubaki bila mwenyewe. Wengine wana mikopo ya benki juu ya majengo hayo, na kila shilingi ya matengenezo hutoka mahali pembamba.

La pili twalikubali kabisa. Kampuni isiyoomba ruhusa haistahili kuachiwa mlango wazi, na mwenye jengo ana haki ya kutaka nyaya zipite katika mfereji mmoja, ziandikwe namba ya chumba, na ziondolewe mteja anapoacha. Lakini akiisha kuwakubali waingie, na akiisha kuandika katika tangazo lake kwamba vyumba vyake vina intaneti, hawezi kusema siku ya ubovu kwamba yeye hahusiki. Asifiaye chombo ili kiuzike hana budi kujibu kikivuja.

Na hili la anasa lilikuwa na uzito zamani kuliko leo. Mwenye kulipwa kwa kazi ifanywayo nyumbani akikatiwa waya, amekatiwa mkate. Tena hatuwataki wenye nyumba walipie intaneti ya mtu. Twawataka tu watunze njia iliyo katika mali yao, kama watunzavyo taa ya ngazini, ambayo nayo hakuna mpangaji aimilikiye.

Wapangaji nao tuna neno nao. Kuzikata fedha katika kodi bila makubaliano ni hatari, hata kama risiti iko mkononi na haki iko rohoni. Kodi isiyotimia humpa mwenye nyumba silaha ambayo hakuwa nayo. Afadhali mpangaji apige ripoti kwa maandishi siku ile ile ya ubovu, kwa wakala na kwa kampuni. Apate jibu la fundi wa kampuni kwa maandishi, kwamba kisandukuni pana uhai na ubovu uko ng'ambo ya pili. Apige picha pale waya ulipokatika. Na ampe mwenye nyumba muda unaofaa wa kutengeneza. Akishindwa kungoja, aombe idhini ya kutengeneza na kurudishiwa, nayo iandikwe. Kama ubovu ni wa kampuni nayo haijali, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya mteja ambaye kwanza amelalamika kwa kampuni yenyewe asiridhishwe. Na asimwite kila apitaye na koleo mfukoni. Amtafute fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, kwa maana aguse waya wa jirani badala ya wake, na ugomvi mmoja utakuwa miwili.

Lakini dawa kubwa iko mwanzo wa safari. Sheria yetu inakubali mkataba wa kupanga wa miaka miwili au pungufu ufanywe hata kwa mdomo, na wengi wetu huingia vyumbani kwa kupeana mkono na kulipa amana. Adabu ni njema, lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mistari minne yatosha: kisanduku cha kupimia kiko wapi, nani atatengeneza waya wa ngazini, nani atatengeneza uliomo ukutani, na matengenezo yaanze katika muda wa siku ngapi baada ya ripoti. Mistari hiyo haigharimu chochote ila wino, na ingemwokoa mama yetu siku 19 pamoja na nyumba yake.

Wenye mamlaka nao wasijiweke kando. Sheria ilipotaja vifaa vinavyotumiwa kwa pamoja, waliotunga huenda walifikiria zaidi mabomba na taa. Wakati umefika wa kuongeza neno moja, nyaya za mawasiliano, ili hakimu na wakala wasome kitu kimoja. Na ramani za majengo mapya zinapopitishwa, ukaguliwe pia mfereji wa nyaya na chumba cha visanduku, kama unavyokaguliwa mfereji wa maji machafu. Jengo lililoacha nafasi ya waya tangu msingi halihitaji kutobolewa kila mwaka.

Twarudi kwa mama aliyetuandikia. Alituuliza alikosa wapi. Jibu letu ni kwamba kwa kuzikata fedha katika kodi kabla ya kupatana alijiweka katika hatari, na hilo hatuwezi kumficha. Lakini waya haukuwa wake kuutengeneza. Ulikatika ngazini, mikononi mwa watu walioajiriwa na mwenye jengo, katika kazi iliyofanywa kwa faida ya jengo. Twamsihi mwenye nyumba huyo, popote alipo, aiondoe notisi hiyo, amrudishie gharama ya fundi, kisha waketi waandike mistari minne. Mpangaji anayelipa kodi kila mwezi na kutengeneza kilichovunjwa na wengine si mpangaji wa kufukuzwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika shauri hili ufa ulikuwa waya mmoja uliokatika, nao uliunganishwa kwa muda usiotimia saa. Ukuta unaojengwa sasa ni wa mtu na jirani yake, na huo hauna fundi wa kuubomoa kwa saa moja.